Mbegu za maharage hazipo dukani: je, kikundi chetu kinaweza kuzizalisha kihalali?

*"Sisi ni kikundi cha wakulima 22 wilayani Mbozi. Mahindi chotara tunayapata dukani kila msimu, tena ya kuchagua, lakini mbegu ya maharage iliyothibitishwa hatuioni. Tunapanda tuliyonunua gulioni. Mwaka jana tulichambua maharage yetu mazuri tukawauzia majirani kama mbegu. Mengine yaliozea ardhini, mengine yaliota vizuri halafu majani yakaungua kabla ya maua. Sasa tunaambiwa tumevunja sheria, na wengine wanasema makampuni ndiyo yanayotaka tubaki hivi. Tunaweza kuzalisha mbegu bila matatizo? Na halmashauri ifanye nini ili mbegu zipatikane kweli, si kwa hotuba?"*

Nianze na sheria, maana naona ndiyo inayowanyima usingizi. Kutunza maharage yako na kuyapanda mwakani kwenye shamba lako si kosa. Kuuza maharage ya kula nako hakuna shida. Mambo hubadilika pale mnapoandika au kutamka kwamba gunia hili ni mbegu na kulipokelea fedha kwa jina hilo. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe ya aina iliyosajiliwa na iwe imepita mikononi mwa TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, yenye makao makuu Morogoro. Kwa hiyo waliowaambia mmekosea wana hoja. Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango kwa vikundi kama chenu, na wengi hupita mbele yake bila kuuona: mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo vijijini zimezoeleka kwa jina la QDS.

Neno "kuazimiwa" huwapotosha watu. Husikia kama mbegu ya daraja la chini, ya kuombea radhi. Si hivyo. Mbegu hiyo lazima itokane na mbegu ya msingi, yaani ile inayozidishwa ili kupata ya kumuuzia mkulima, ileile ambayo kampuni ingeitumia, na shamba hukaguliwa. Tofauti iko kwenye uzito wa ukaguzi na nani anabeba dhamana. Kwa mbegu iliyothibitishwa, mkaguzi anafuatilia kila shamba. Kwa QDS, mzalishaji aliyesajiliwa na kufunzwa ndiye anayetamka ubora, na mamlaka hupitia sehemu ya mashamba na sampuli kuona kama anasema kweli. Gharama inashuka, na kwa sababu hiyo soko nalo linawekewa mpaka: mnauza ndani ya wilaya yenu. Lebo yake ni ya kijani, wakati ile ya mbegu iliyothibitishwa ya kizazi cha kwanza ni ya bluu. Kwenu huo mpaka si jambo dogo, kwa sababu mnunuzi wa Tunduma anayekuja na Fuso yuko nje ya wilaya ya Mbozi. Mkimuuzia mbegu yenye lebo ya kijani mmetoka nje ya ruhusa yenu, hata kama mbegu ni safi kama theluji.

Sasa hilo la makampuni. Sioni hila hapo, naona hesabu, na mkiielewa mtajua pia halmashauri iombwe nini.

Kila aina mpya huanza na mbegu chache za mtafiti. Kwa maharage ya Nyanda za Juu Kusini huyo ni kituo cha Uyole, Mbeya, cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI. Mbegu hizo huzidishwa kuwa mbegu za awali, zikazidishwa tena kuwa za msingi, ndipo zipatikane za kumuuzia mkulima. Kila ngazi ni msimu mzima. Chukueni mfano wa kilo 20 za mtafiti. Maharage hupandwa karibu kilo 30 kwa ekari, na ekari iliyotunzwa vizuri ikikupa kilo 360 za mbegu safi baada ya kuchambua, umezidisha mara 12. Msimu wa kwanza kilo 20 zinakuwa 240, wa pili 2,880, wa tatu 34,560. Misimu mitatu ya kazi, na mmepata mbegu ya kutosha ekari 1,152 tu. Mahindi ya kawaida, yasiyo chotara, hupandwa kilo 10 kwa ekari, na ekari ikitoa kilo 800 za mbegu, umezidisha mara 80. Kilo 20 zilezile baada ya misimu miwili tu ni kilo 128,000, yaani ekari 12,800. Ongezeni usafiri: lori la mbegu za mahindi linapanda eneo mara tatu ya lori la maharage.

Halafu kuna mteja. Mahindi chotara ukiyatunza ukayapanda tena, watoto wanatawanyika: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja tasa, na nguvu ya uchotara inapotea. Mkulima analazimika kurudi dukani kila mwaka. Ua la maharage hujichavusha lenyewe, mara nyingi hata kabla halijafunguka, kwa hiyo mtoto anafanana na mama. Mkulima akinunua mara moja anaweza kukaa misimu mitatu au minne bila kurudi. Kampuni inayolipa mkopo wa benki haiwezi kuishi kwa mteja wa aina hiyo. Ndiyo maana nchi nyingi, si Tanzania peke yake, zina rafu zilizojaa mahindi chotara na mboga huku maharage, karanga, mtama na muhogo vikiachwa kwa wakulima wenyewe. Soko peke yake halitajaza pengo hilo, na kulilaumu hakuleti mbegu. Mazao haya yanahitaji watu wanaoishi karibu na wateja wao, wasio na gharama ya lori wala ya matangazo. Ninyi hasa.

Lakini mtakwama mahali palepale wanapokwama wengine: mbegu za msingi. Ndicho kiungo chembamba kuliko vyote katika mnyororo wetu. Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, ana mashamba kama Dabaga kule Kilolo, Msimba na Kilangali wilayani Kilosa na Ngaramtoni mkoani Arusha, na makampuni binafsi nayo yanaweza kupewa leseni ya kuzidisha aina za serikali. Hata hivyo hakuna anayepanda ekari za mbegu ya msingi ya maharage bila kujua nani atainunua, maana isiponunuliwa itaishia kwenye sufuria. Vikundi navyo huenda Uyole Januari kuulizia mbegu ya kupanda Februari. Mtafiti hana, kikundi kinarudi kimekasirika, na mwaka unaofuata mtafiti hazidishi zaidi kwa sababu hakuna oda iliyoandikwa. Mduara huo hauvunjwi na sera mpya. Unavunjwa na karatasi yenye jina la aina, idadi ya kilo, malipo ya awali, na tarehe iliyo walau mwaka mmoja kabla ya kupanda.

Hapo ndipo halmashauri ina kazi ya kufanya. Msiombe "isaidie sekta ya mbegu", maana ombi hilo hujibiwa kwa semina. Ombeni vitu vitatu vinavyoweza kuonekana kwenye bajeti. Kwanza, afisa kilimo wa wilaya akusanye mahitaji ya vikundi vyote na kuyapeleka Uyole na ASA kama oda moja. Kilo 300 za kikundi kimoja ni usumbufu, kilo 3,000 za wilaya ni biashara. Pili, mfuko mdogo wa kuzunguka wa kulipia mbegu za msingi, ambao kikundi kinaurejesha baada ya mavuno, kwa fedha na si kwa maharage. Tatu, maafisa ugani wawili au watatu wapelekwe TOSCI wakafunzwe na kuidhinishwa kuwa wakaguzi. Mkaguzi akitoka mbali na gari likikosa mafuta wiki ya maua, shamba lenu limepoteza msimu bila kosa lolote. La nne ningeliongeza pale penye mto: ekari chache za umwagiliaji kwa ajili ya mbegu pekee. Ukiweza kupanda kiangazi unapata kizazi cha ziada ndani ya mwaka uleule, na ule mnyororo wa misimu mitatu unafupika.

Turudi kwa majirani zenu na mbegu za mwaka jana, kwa sababu mkirudia makosa yale lebo ya kijani haitawaokoa.

Yaliyooza ardhini, nashuku fimbo. Kiini cha maharage, kile kimche kidogo, kimelala chini ya ganda jembamba karibu na kovu jeupe. Maganda yakikauka kupita kiasi na mkayapura kwa nguvu kwenye sakafu ngumu, kiini kinavunjika bila ganda kuonyesha ufa. Punje inang'aa, inauzwa, ikifika kwenye udongo wenye unyevu inavimba na kuoza, au inatoa shina lisilo na kichwa. Mbegu ipurwe ikiwa bado na unyevu kama asilimia 14 au 15, juu ya turubai lenye tabaka nene la maganda, au ndani ya gunia kwa vipigo vya wastani. Kisha ndipo ikaushwe hadi asilimia 12 au 13, juani kwa tabaka jembamba, ikigeuzwa mara kwa mara na kuondolewa jua la saa sita likiwa kali. Msianike kwenye bati wala kwenye lami.

Kama hamna kipima unyevu, tumieni chumvi. Ikaangeni kidogo hadi ikauke kabisa, iache ipoe. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka, jazeni maharage theluthi moja, wekeni vijiko viwili vitatu vya chumvi, fungeni, tikiseni dakika moja, muiache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isipoganda mmeshuka chini ya hapo, ila kwa mbegu ongezeni siku moja au mbili za jua. Hapo ndipo mifuko isiyopitisha hewa inafaa, na vipukusi watakufa wenyewe kwa kukosa hewa. Mkiweka mbegu mbichi kwenye mfuko huo, mtakuwa mmeizika. Wataalamu wa hifadhi wana kanuni nyepesi: kila asilimia moja ya unyevu unayoishusha, umri wa mbegu unakaribia kuongezeka maradufu, na kila nyuzi tano za joto unazozipunguza, vilevile. Ndiyo maana mbegu halali kabisa iliyokaa miezi mitatu chini ya bati la duka hushindwa kuota na kuitwa feki.

Yaliyoungua majani ni jambo jingine, na ni zito zaidi. Mabaka ya kahawia yenye ukingo wa njano, kama yamepitiwa na moto, ni dalili ya magonjwa ya bakteria, na bakteria hao husafiri ndani ya mbegu. Chule, madoa pembe na batobato navyo hupita njia hiyo. Punje chache zenye ugonjwa kati ya elfu zinatosha kuwasha shamba zima mvua ikikolea. Mlichagua punje nzuri kwa macho, lakini macho hayaoni bakteria, na dawa ya ukungu ya kuvisha mbegu haimgusi aliye ndani. Ugonjwa huu unazuiwa shambani. Pandeni palipokaa bila maharage walau msimu mmoja, ili maotea ya aina nyingine yasichanganyike. Msichanganye na mahindi yatakayoficha magonjwa kwa kivuli. Mkulima asipite katikati ya mistari asubuhi umande ukiwa haujakauka, kwa sababu suruali yake ndiyo inayosambaza bakteria kutoka mche hadi mche. Kila mche wenye dalili ung'olewe na kutolewa nje, si kutupwa kati ya mistari. Miche isiyo ya aina yenu ing'olewe wakati wa maua, rangi ya ua inapoitambulisha, na tena maganda yanapokomaa.

Kwa Mbozi, kupanda Februari hadi mwanzoni mwa Machi kunasaidia kuliko dawa nyingi, kwa kuwa maganda yanakauka mvua zikiwa zimekwisha. Maharage ya mbegu yanayovunwa kwenye mvua ni ya kula.

Umbali wa kutengana hautawasumbua. Kwa kuwa maharage hujichavusha, mita 10 kutoka shamba la aina nyingine zinatosha, zaidi kwa ajili ya kuzuia kuchanganya wakati wa mavuno. Kama siku moja mtahamia mahindi ya kawaida, jueni kwamba hayo yanadai mita 200 au zaidi, na kijijini kumpata jirani atakayeacha nafasi hiyo ni kazi kuliko kilimo chenyewe.

Kabla ya kufunga, kila mwanachama mbegu yake ikae fungu lake, yenye jina lake, hadi ipimwe. Kikundi kinapomimina yote kwenye lundo moja, fungu bovu la mtu mmoja linaangusha kazi ya wenzake 21. Hesabuni punje 100 bila kuchagua, zipangeni kwenye mchanga wenye unyevu au kitambaa kibichi kilichokunjwa, zitazameni siku ya tano na mhitimishe siku ya tisa. Hesabuni miche mizima tu, yenye mzizi na kichwa. Ikiwa chini ya 85, fungu hilo liende sokoni kama chakula. Hapo maharage yanawapa nafuu ambayo mzalishaji wa chotara hana: yaliyokataliwa yanalika. Kwa sababu hiyohiyo msivishe dawa mapema. Mbegu iliyovishwa ipakwe rangi, na hairudi tena jikoni.

Kuhusu njia ya kuanzia, kuna tatu na zote zina ubaya wake. Mnaweza kulima kwa mkataba wa kampuni au ASA: mbegu ya msingi na soko ni vyao, ninyi mnalipwa juu kidogo ya bei ya chakula. Faida ni ndogo lakini mnajifunza kwa hasara ya mwingine. Ila bei ya gulioni ikipanda wakati wa mavuno, wanachama watashawishika kuuza pembeni, na mkataba ukivunjwa mara moja hamtaitwa tena. Mnaweza kuingia QDS moja kwa moja: faida yote yenu, hasara yote yenu. Au mnaweza kubaki kama mlivyo, kila mtu akitunza mbegu yake kwa uangalifu zaidi. Hilo nalo si aibu, na kwa kaya nyingi ndilo litakaloendelea.

Kwa kikundi cha watu 22 ningeanza na QDS ekari tano, si ishirini. Hizo ni kilo 150 za mbegu ya msingi, na mkipata kilo 320 safi kwa ekari mna kilo 1,600. Zifungeni kilo mbilimbili, mtapata mifuko 800. Jiulizeni kwa majina ni nani atainunua hiyo 800 kabla hamjapanda. Na aina ichaguliwe na mnunuzi wa maharage, si na mtafiti wala mwenyekiti: Uyole 96 nyekundu ina soko lake, Njano Uyole ina lake, na aina yenye mavuno makubwa isiyoiva haraka jikoni itawabakia ghalani. Ulizeni pia kama aina hiyo ina haki ya mgunduzi chini ya sheria ya mwaka 2012. Kama ipo, mnahitaji idhini ya mwenye aina kabla ya kuizalisha kwa kuuza.

Kwa teknolojia nitasema machache. Lebo za kukwangua, ambazo mnunuzi hutuma namba kwa simu na kujibiwa, zinafanya kazi nzuri ya kumnasa anayepaka rangi mahindi ya sokoni. Kenya mkulima hutuma namba ya lebo ya KEPHIS, taasisi yao ya ukaguzi wa mimea na mbegu, kwenda 1393. Lakini lebo inathibitisha mbegu imetoka kwa nani, haithibitishi mbegu ilihifadhiwaje baada ya hapo. Kwenu, kipima unyevu cha pamoja kitawafaa kuliko programu yoyote ya simu.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatayamaliza. Yale majani yaliyoungua, msiyapatie jina kwa picha za simu. Yakitokea tena, fungeni miche mitatu mizima na mizizi yake ndani ya gazeti, si mfuko wa plastiki, na muifikishe Uyole siku hiyohiyo au kesho yake. Usajili wa kikundi, mafunzo na ratiba ya ukaguzi vimalizeni na TOSCI kabla mbegu haijaingia ardhini, kwa sababu shamba lililokwisha kukomaa halikaguliki. Nendeni na hati ya usajili wa kikundi, orodha ya wanachama na maeneo yao, na risiti pamoja na lebo ya mbegu ya msingi. Mkipoteza hiyo lebo, hakuna mkaguzi atakayewaamini mmetoa wapi mbegu. Na mkiwa njiani kwenda Uyole kuweka oda, chukueni kilo moja ya yale maharage ya mwaka jana yaliyobaki, muombe yapimwe. Mtajua ni fimbo, ni unyevu au ni bakteria, na mtawarudia majirani mkiwa na jibu.